Wanaogopa Nini

Barua ilifika Arua siku ya Alhamisi
katika bahasha ya kahawia yenye dirisha la plastiki.
Mama akaileta hadi mezani pangu,
pale kibarazani mwa posta
ninapowasomea watu barua zao kwa shilingi elfu moja.
Yeye hulipa kwa karanga.

"Soma," akasema, "na usiruke."
Ananijua. Huwa naruka panapouma.

Ofisi ya pensheni, Kampala.
Namba, mkwaju, namba, mkwaju, mwaka.
Bibi Ayikoru Mpendwa.
Kisha, mlangoni mwa sentensi ya kwanza,
neno moja la Kiingereza, jembamba, limefunga tai:
"afraid".
Nikalifasiri kama nilivyolikuta.
Tunaogopa kwamba faili la marehemu mume wako
halionekani.

Mama akaacha kumenya.
"Wanaogopa?"
"Ndivyo walivyoandika."
"Wanamwogopa nani?"

Hapo ningemtajia Mwalimu Onzima,
chaki imemjaa kwenye nyusi,
akituambia kwamba kwa Waingereza sifa hutangulia jina
kama askari wanavyomtangulia mkubwa,
ila hii moja hukataa.
Haitaki kwenda mbele ya mtu.
Hujibanza nyuma ya kitenzi
kama mtoto nyuma ya gauni.
Tukacheka. Akatuuliza, mmoja mmoja,
unaogopa nini?
Nyoka, tukasema. Radi. Wewe, mwalimu.
Candia, aliyekaa karibu na dirisha, akasema:
Kiswahili.

Hakuna aliyecheka.
Kila nyumba ilikuwa na usiku wake,
kitako cha bunduki mlangoni,
na lugha hii hii ninayoiandika sasa
ikisema fungua, ikisema lala chini, ikisema
mume wako yuko wapi.

Mume wake alikuwa karani wa reli, Pakwach.
Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na hakuwa na kesi.

Kwetu woga si nguo ya kuvaa asubuhi.
Hofu humwingia mtu, humshika,
humkausha mate, humlegeza magoti,
ikamwachia harufu ambayo mbwa huisikia.
Mama ilimwingia njiani kwenda Zaire,
mimi mgongoni, kiganja chake mdomoni mwangu.
Mpaka leo akisikia lori usiku
huhesabu watoto, ingawa tuna mvi.

Sasa natazama sahihi ya huyu bwana wa Kampala.
Imenyooka. Mkia wake umepinda kwa madaha.
Mkono huo haukutetemeka hata herufi moja.

"Mama," nikasema, "hilo ni neno la adabu tu.
Wao hulitumia wakitaka kukunyima kitu
bila kuinua sauti.
Samahani, ndiyo maana yake. Au hapana.
Mtu anaweza kuliandika huku anakunywa chai."

Akafikiri. Akapuliza maganda mezani.
"Miaka yote hiyo," akasema,
"nimeogopa kwa mwili mzima,
na kumbe kuna watu
wanaogopa kwa karatasi."

Nikadhani atalia. Nilikwisha kuchomoa leso.
Lakini alivuta kiti, akakaa wima
kama aliyeitwa kutoa ushahidi.
"Wewe una kalamu. Andika.
Bwana Mpendwa.
Usiogope."

"Mama, huwezi kumwandikia hivyo."

"Faili alilolipoteza ninalo mimi.
Barua ya kuajiriwa, stakabadhi, picha yake
mbele ya injini, vyote vilivuka mpaka
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mwandikie asiogope.
Jumatatu napanda basi la usiku.
Nitamkuta ofisini kabla hajavua koti."

Nikaandika. Nilitafuta neno jingine
lenye heshima zaidi, nikalikosa,
nikalirudia lile lile la kwao.

Mama akainama juu ya karatasi asiyoweza kuisoma.
"Liko wapi?"
Nikamwonyesha.
Akaliwekea kidole, chenye chumvi ya karanga,
akalikandamiza kidogo,
kama mtu anayejaribu
kama kitu bado ni kibichi.